Sote Tunatoka Hapa

Mtu akikuuliza unatoka wapi, usimjibu upesi. Tazama kwanza amevaa viatu gani, halafu tazama ameletwa na gari la nani. Hayo niliyajua tangu nikiwa msichana kwetu Chwele, na hakuna kijana wa chuo kikuu atakayenifundisha mengine.

Basi Nicodemus aliposhuka sokoni Kadeya asubuhi ile, viatu vinang'aa, karatasi kazibana kwenye ubao kifuani, mimi sikuangalia karatasi. Niliangalia gari. Lilikuwa lori la Bildad.

Ngoja niwaeleze Bildad ni nani, msije mkasema Nekoye ana roho mbaya bure. Kadeya ni soko la ufukweni mwa ziwa, mbele kidogo ya Asembo Bay, pale mitumbwi inapoingia na samaki. Mwaka huo wa sabini na mbili hatukuwa na bomba la maji, hatukuwa na paa, na barabara yetu ilikuwa njia ya ng'ombe. Mvua ikinyesha lori lilizama topeni tukashuka wote kusukuma, akina mama kwa wazee. Huko juu, kwenye barabara kubwa ya kwenda Kisumu, palikuwa na mahali panaitwa Njia Panda, na Njia Panda ilikuwa ya Bildad. Maduka ya Bildad, mashine ya kusaga ya Bildad, baa ya Bildad. Alikosa kitu kimoja tu, nacho ni watu. Watu walimpita pale mlangoni wakiteremka kuja kwetu, naye amesimama na koti lake anawahesabu migongo. Jambo hilo lilimnyima usingizi.

Sasa mtoto wetu ndiye anashuka kwenye lori lake! Ndiyo, nasema mtoto wetu. Nicodemus ni mwana wa Beldina, mkausha samaki, rafiki yangu tangu siku ya kwanza nilipokanyaga Kadeya. Nilimjua kijana huyo akikimbia uchi kwenye mchanga. Uji wa mahindi yangu ndio uliomkuza. Alipokwenda chuo kikuu Nairobi, mama yake alitangaza mpaka tukachoka kusikia.

"Anasoma jiografia ya uchumi," Beldina aliniambia, maneno yamemjaa kinywani.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Anasoma kwa nini watu wanauza mahali hapa na hawauzi mahali pale."

"Yawa! Na kwa hilo serikali inampa kitanda na chakula?"

Likizo ile alikuwa ameajiriwa na ofisi ya mipango mjini Kisumu. Mkubwa wake alikaa Milimani, mtaa wa wakubwa, nyumba yenye ua mkubwa hata mbwa anachoka kuuzunguka. Alimtuma kijana aje kuuliza watu maswali, masoko yote ya ufuko wetu, ili ichorwe ramani. Ramani ya nini? Hapo ndipo sote tulipotega masikio.

Aliyekuja kukaa karibu nami alikuwa Wangui. Wangui aliuza viazi na kabeji, akipanga chumba Kisumu na kuja kwetu kila siku ya soko. Watu wa kwao ni wa milimani kule Kinangop, na tangu ile fujo ya Kisumu ya mwaka wa sitini na tisa, watu wa kwao na watu wa ziwani walipogeukana, hakupenda kabisa kuulizwa kwao ni wapi. Akaniinamia, kabeji mkononi.

"Mama Nekoye, huyu kijana nilimwona juzi kwa Bildad. Ametandaza likaratasi juu ya kaunta, wanapima kwa rula. Bildad anamnunulia soda."

"Uliona kwa macho yako?"

"Kwa haya haya. Na soda yenyewe alimaliza."

Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema, na nikatupia jicho kile kibanda cha Beldina cha kukaushia samaki. Siwezi kusimulia hadithi hii bila kuwaambia kilichokuwa mle ndani. Nyuma ya rafu za samaki, chini ya mikeka, yalilala magunia yangu ya mahindi.

Siku zile mahindi unayalima wewe, unayapalilia wewe, lakini kuyavusha kutoka wilaya moja kwenda nyingine ulitaka kibali. Na kibali kilikuwa na wenyewe, watu wa maduka na malori kama Bildad. Mjane wa Chwele mwenye watoto wanne angekipata wapi? Mimi niliyapakia chini ya ndizi. Lori likatoka Bungoma, likapita Mumias, likapita Yala, likashukia Ndori hadi ziwani, na kila askari alipomulika aliona ndizi. Nikiuza mahindi, nanunua samaki mkavu wa Beldina, narudi naye kwetu. Hayo magunia ndiyo yalikuwa mtaji wangu wote. Yakishikwa, watoto wangu wanarudi nyumbani kutoka shule, na mimi narudi kulima vibarua. Sasa mtu aje aniulize natoka wapi!

Hakuna aliyeitisha mkutano. Neno lilitembea lenyewe, mkeka hadi mkeka, na lilimtangulia Nicodemus kila alipokwenda. Mzee mmoja anayeuza kamba akaulizwa anatoka wapi: hapa. Wavuvi wa Usenge waliofika alfajiri na tanga bado limelowa: hapa. Bibi mmoja wa omena, wale dagaa wa ziwani, alifunika uso kwa leso, akasema mtu hahesabiwi kama mbuzi, lakini kama lazima aseme, basi yeye pia ni wa hapa.

Halafu akanifikia mimi.

"Habari ya asubuhi, Mama Nekoye."

"Nzuri, mwanangu. Umekonda. Nairobi hawapiki?"

Akacheka. Halafu akauma kalamu, akawa mtu wa serikali. "Mama, unatoka wapi?"

"Mimi?"

"Wewe."

"Hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa unapokanyaga."

Akaandika. Nilipenda nione ameandika nini lakini sikutaka ajue napenda. "Na mahindi haya, mama?"

"Ya shamba langu."

"Shamba liko wapi?"

Nikatupa mkono nyuma ya bega bila kugeuka. "Kule."

Nicodemus akatazama kule kwa muda. "Mama, kule ni ziwa."

Wangui aliangua kicheko mpaka kabeji zikabingirika. Na kana kwamba shetani alikuwa akitusikiliza, mvuvi mmoja akapiga kelele kutoka mitumbwini, "Nyar Bungoma! Niwekee debe moja, nakuja!" Nyar Bungoma, yaani binti wa Bungoma. Ndivyo soko zima lilivyoniita tangu siku ya kwanza, na wengi hawakulijua jina langu la kweli. Nicodemus alinitazama. Nami nikamtazama, uso mkavu kama obambla, samaki wa kupasua na kuanika.

"Anamwita nani huyo?" nikauliza.

Kijana akachuchumaa mbele ya mkeka wangu, akashusha sauti. "Mama, nisikilize. Serikali haiwezi kujenga kila mahali. Tarafa hii itapewa kituo kimoja tu. Kitapata barabara ya changarawe, maji, soko lenye paa, na zahanati. Tunatafuta mahali panapovuta watu kutoka mbali. Kama mahindi yanakuja Kadeya kutoka Bungoma, na viazi kutoka Kinangop, basi Kadeya ni pakubwa. Lakini kila mtu akisema ni wa hapa, ramani itasema Kadeya ni soko la kijiji, na barabara itakwenda Njia Panda."

"Nani ametaja Njia Panda?"

"Mimi, mama. Nimetoa mfano."

"Na mfano wa kwanza uliokujia ni huo." Nikapanga upya mahindi yangu ambayo hayakuhitaji kupangwa. "Soda ya Bildad ni tamu?"

Uso ulimbadilika. "Nilikwenda kumweleza kama ninavyokueleza wewe. Nimewaeleza watu wote. Lori lake nilipanda kwa sababu ofisi haikunipa gari."

"Basi wewe unajua mimi natoka wapi. Umekula uji wangu. Andika unachojua."

"Siwezi. Naruhusiwa kuandika tu kile mtu alichosema mwenyewe."

"Na mimi nimesema. Hapa."

Alisimama, akapangusa magoti, akamwendea Wangui. Wangui alimwambia viazi vile vilikuwa vya hapa. Viazi vya mbatata, ufukweni Kadeya, mahali ambapo hata sukuma wiki inaomba maji! Kijana aliandika hivyo hivyo. Sikumhurumia hata kidogo, nasema kweli. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sisi tuliumwa na watu wenye karatasi tangu wakati wa Wazungu.

Wiki zikapita. Beldina akaanza kunikwepa. Nikifika anasema moshi unamwumiza macho, nikiondoka namwona anachungulia. Mimi nami nikaanza kulala na wasiwasi juu ya magunia. Niliwaza: yuko mtu mmoja tu Kadeya anayejua yako wapi, na mwana wake anafanya kazi serikalini. Kila nilipoingia kibandani nilijifanya nachagua samaki huku nagusa mikeka kwa mguu.

Siku moja mchana akanishika mkono, akaniingiza ndani, akafunga mlango wa makuti.

"Nekoye, mtoto wangu hali chakula."

"Mpe samaki."

"Usinifanyie mzaha. Amenionyesha ramani. Kila soko lina duara, na mistari inaingia kutoka mahali watu wanatoka. Sisi duara letu ni dogo kama kisahani. Hakuna mstari hata mmoja. Njia Panda lao ni kubwa kama karai, mistari inaingia kila upande."

"Mistari gani, na pale hapana watu?"

"Bildad aliwaita wafanyakazi wake na jamaa zake, akawafundisha. Huyu aseme Kakamega, huyu aseme Busia. Nico aliwaeleza wote maneno sawa, sisi na wao. Bildad alisikia akaamini. Sisi tulisikia tukacheka."

Nilikaa juu ya magunia yangu. "Na Nico alijua wanadanganya?"

"Alijua. Alijua na sisi tunadanganya. Alimwambia mkubwa wake. Mkubwa akasema ofisi haichori mawazo ya Nicodemus, inachora majibu ya watu." Akapiga magoti mbele yangu, mwanamke mzima mwenye wajukuu. "Jumamosi Bwana D.O., mkuu wa tarafa, anakuja kuifungua hiyo ramani barazani. Ikipita pale, basi imepita. Lori halitashuka tena huku. Samaki wangu nitawabeba kichwani nipeleke kwa Bildad, na bei atasema Bildad. Simama useme, Nekoye. Wewe ndiye unatoka mbali kuliko wote. Ukisema wewe, wengine watasema."

Mnajua nilichofikiri? Nilifikiri: huyu ametumwa. Mama ametumwa na mwana, mwana ametumwa na ofisi, ili mimi nisimame mbele ya askari niseme kwa kinywa changu mwenyewe kwamba nina mahindi bila kibali. Urafiki wa miaka yote hiyo, na ndivyo nilivyofikiri.

"Walikuahidi nini, Beldina?"

Hakuelewa kwanza. Alipoelewa, aliinuka polepole akishika kiuno. "Magunia hayo yako ndani ya nyumba ya nani?" akaniuliza. "Wakija, watamfunga nani kwanza?" Akafungua mlango, akatoka, na hatukusalimiana tena mpaka Jumamosi.

Baraza lilifanywa uwanjani pa shule. Ramani ilitundikwa kwenye ukuta wa darasa, Nicodemus kando yake na fimbo, macho chini. Bwana D.O. alikuwa mezani na askari wawili nyuma yake. Bildad alikaa mbele, kofia juu ya goti, anatabasamu na watu ambao hata hawajamwambia kitu. Mimi na Wangui tulikaa nyuma kabisa, mahali pazuri pa kuondokea.

D.O. alikuwa mtu mpole, hilo nakiri. Alieleza yale yale aliyotueleza Nicodemus, na kutoka kinywani mwake yakawa ya kuaminika, sijui kwa nini. Labda ni ile meza. Kisha akamwambia kijana aonyeshe.

"Kadeya," Nicodemus akasema. "Wauzaji na wanunuzi wote waliohojiwa wanatoka hapa hapa Kadeya."

"Wenyewe walisema?" D.O. akauliza.

"Wenyewe walisema."

Watu walitazama vidole vya miguu. Fimbo ikapanda kwenye lile duara la Njia Panda. Huu mstari ni wa Kakamega. Huu wa Busia. Kisha fimbo ikafuata mstari mmoja mrefu mwekundu, mrefu kuliko yote, ulioanzia juu kabisa ya karatasi.

"Mahindi," Nicodemus akasema. "Kutoka Bungoma. Yanapita Mumias, Yala, Ndori. Yanaishia Njia Panda, kwa Bwana Bildad."

Wele wange, Mungu wangu! Nilihisi damu imenipanda kichwani. Hiyo njia ninaijua kwa mgongo wangu. Najua pale Yala lori linapokwama, najua daraja gani ukipita unashikilia roho. Nimeikanyaga kwa mvua na kwa njaa, mume wangu akiwa kaburini, na leo amepewa Bildad, mtu ambaye hajawahi kufika Bungoma hata kwa matanga! Nisingesimama kwa ajili ya barabara. Nisingesimama kwa ajili ya zahanati. Lakini kuibiwa njia yangu mchana kweupe, mbele ya watu, na kwa rangi nyekundu?

"Huo mstari ni wangu!"

Nilikuwa nimesimama tayari. Wangui alinivuta leso, nikampiga mkono.

D.O. akainua kichwa. "Mama, unasemaje?"

"Nasema huo mstari ni wangu. Mimi ndiye ninayetoa mahindi Bungoma. Natoka Chwele. Na mahindi hayaishii Njia Panda, yanakuja hapa Kadeya. Njia Panda tunapita tu, tena mbio, kwa sababu mashine ya pale inapunja."

Vicheko vikapasuka. Bildad alisimama, akasema mwanamke huyu ana wazimu, yeye ana mtu wake anayeleta mahindi kutoka Bungoma, na mtu mwenyewe yupo. Akamwinua kijana mmoja mwenye shati jipya. Nikamsalimia kwa lugha ya kwetu, salamu ambayo hata mtoto wa Bungoma anayetambaa anaijua. Akanijibu kwa Kidholuo, lugha ya hapa ziwani. Hata askari mmoja alicheka.

Lakini D.O. hakucheka. "Mama, unaitwa nani?"

"Waulize hawa."

Walijua swali linaelekea wapi. Halafu yule bibi wa omena aliyefunika uso siku ile akasema, kwa sauti nyembamba, "Nyar Bungoma." Na mwingine. "Nyar Bungoma, sisi sote tunamwita hivyo."

D.O. aliweka kalamu mezani. "Na kibali cha kuvusha mahindi, mama, unacho?"

Hapo hasira ilinitoka yote, nikabaki mtupu. Nilimtafuta Beldina kwa macho. Alikuwa amesimama karibu na mwanawe, mkono mdomoni, na nikaona anaogopa. Anaogopa kwa ajili yangu. Mtu aliyetumwa haogopi namna ile.

"Sina," nikasema. "Na kibanda nilichoyaweka, mwenyewe hana kosa. Nilimwambia ni pumba."

"Mwongo!" Beldina akapiga kelele. "Nilijua ni mahindi!"

"Nyamaza wewe!"

"Sinyamazi! Ni mahindi, yako kwangu, na samaki wangu huyu mama huwapeleka kwao. Andika, Nico! Andika samaki wanakwenda Bungoma!"

Wangui naye alisimama. Alisema anatoka Kinangop, viazi ni vya Kinangop, na yeyote anayetaka kumrudisha huko amwambie sasa hivi. Mzee wa kamba akampisha akae kwenye benchi. Kisha wavuvi wa Usenge wakasema Usenge, na mtu wa vyungu akasema Nyakach, mpaka D.O. akagonga meza kuomba watu waseme mmoja mmoja.

Aliamuru Kadeya iulizwe upya. Kisha akanigeukia mimi, na nikaona jambo lenyewe halimfurahishi. "Sheria ni sheria, mama." Askari wakaenda kibandani na kuyatoa magunia yangu, moja baada ya jingine, kupitia katikati ya watu. Beldina aliwafungulia mlango kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaja akasimama kando yangu, bega kwa bega. Nilikuwa nalia. Mtu akikuambia Nekoye hakulia siku ile, hakuwepo.

Magunia yalinadiwa. Aliyeyanunua ni Bildad. Aliyasaga kwa mashine yake akauza unga, na mimi mwaka huo nilishinda kwenye mashamba ya watu, watoto wangu wawili wakakaa nyumbani. Nawaambia hivyo ili msidhani ukweli ni sukari.

Nicodemus alirudi sokoni na karatasi mpya. Akakaa juu ya mkeka wangu, ambao haukuwa na kitu ila yeye. Akaniuliza natoka wapi. Nilimweleza kuanzia mlango wa nyumba yangu. Kila kituo, kila daraja. Niliongea sana mpaka jua likatuhama, na kijana hakuinua kichwa.

"Viatu vyako vimechakaa," nikamwambia alipomaliza.

"Nimetembea, mama. Sikupanda lori la mtu."

Barabara ilikuja Kadeya. Ilichukua mwaka na zaidi, lakini ilikuja, changarawe nyekundu mpaka ziwani, na bomba, na paa la mabati. Na mnajua kitu cha kwanza kilichojengwa, kabla hata ya bomba? Kizuizi. Mti mrefu katikati ya barabara, juu kidogo ya soko, na askari wa kukagua mizigo. Si niliwaambia? Barabara nzuri inapitisha wafanyabiashara, na inapitisha askari pia. Nicodemus hakulichora hilo kwenye ramani yake.

Nilipopata tena mtaji, wa gunia moja tu, ambalo sheria iliruhusu bila kibali, nilishuka na lori la kwanza. Askari alikuwa mgeni, kijana, hajawahi kuniona. Alipanda nyuma ya lori, akapita kwa Wangui aliyepandia Njia Panda, akasimama mbele yangu na gunia langu.

"Mama, unatoka wapi?"

Nilimtazama viatu.

"Bungoma," nikasema.

"Bungoma? Shuka chini. Teremsha na mzigo."

Nikashuka. Nilikuwa nimechoka sana siku hiyo hata kugombana sikutaka. Ndipo nikasikia miguu inakimbia. Beldina alikuwa anapanda kutoka sokoni, magamba ya samaki mikononi, kilemba kimefunguka, na nyuma yake bibi wa omena, na mzee wa kamba, na wavuvi, na watu wengine ambao hata majina yao siyajui. Beldina akafika anatweta, akajiweka kati yangu na askari.

"Unamuuliza nani anatoka wapi?" akamfokea. "Huyu? Huyu ni wa hapa!"

"Wa hapa," wakasema wengine wote.

Askari alinitazama, akawatazama, akauinua mti.